Nilivyomtembeza mama mkwe Musoma bila kugeuka nyuma

Wakuu, hamjambo. Shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjazituma.

Kuna kijana humu kaorodhesha vivutio vya Musoma, nikaona niweke na wangu. Sitii chumvi, kwa umri huu nitamdanganya nani?

Enzi hizo Mwingereza bado yupo. Nilikuwaga fundi cherehani kwenye baraza ya duka la Mhindi mjini, nimepanga chumba mtaa wa Nyasho. Nikampenda Perusi, binti wa kijijini Nyamuswa. Baba yake alishakubali.

Mama yake ndiye aligoma. Alisema hamtoi mtoto kwenda kuishi mji ambao yeye hajauona kwa macho yake.

Akaja na lori la pamba. Dada yangu ndiye alikuwa amtembeze, asubuhi hiyo homa ikamlaza. Nikabaki mimi.

Sasa ninyi mnaopiga selfie na wakwe hamtanielewa. Kwetu mama mkwe haangaliwi usoni, wala humsogelei. Hata huyu ambaye bado hajawa mkwe, ukimkodolea macho umejiharibia mwenyewe.

Nikatangulia hatua kumi mbele, yeye nyuma. Nikawa tour guide wa kuongea na hewa.

"Mama, kulia ndiyo Boma, anakaa Bwana DC."

"Haya maduka, nguo za Perusi zitatoka hapa." Hapo nilijisifu kidogo, nakiri.

"Yale mawe juu kule ni kilima cha Mukendo."

Mwanzoni nilikuwa nasikia "ehee" nyuma yangu. Baadaye kimya. Nikajua ni heshima.

Nikafika Mwigobero, meli imefunga gatini. Nikaieleza meli yote, inavyokwenda Mwanza mpaka Kisumu, na ziwa lilivyo pana. Kuli mmoja akaniuliza, "We fundi, unaongea na nani?"

Nikageuka. Hakuna mtu.

Wakuu, niliogopa. Nimempoteza mama wa watu kwenye mji uleule anaoutilia shaka. Moyoni Perusi nilikuwa nimeshamkosa. Nikarudi mbio, nauliza kila baraza.

Nikamkuta kwenye mwalo wa wavuvi, tulikopita kitambo. Ameketi na wanawake wauza samaki, anapaa samaki aina ya furu kwa kisu cha kuazima, anacheka. Wale nilikuwaga nawashonea, kwa hiyo tabia zangu zote alishazipata.

Nikasimama pembeni, macho chini.

Hakunisemesha. Alimwambia mwanamke aliyeketi jirani yake, kwa sauti ya kunifikia:

"Mwambie huyo kijana, mji nimeuona, una watu. Heshima yake nayo nimeiona. Ila binti yangu si mkwe wake. Akimtangulia njiani, awe anageuka kumwangalia."

Nikamwomba yule mwanamke amjibu kwamba nimesikia. Aibu ilinishika, na furaha pia.

Ng'ombe wakapelekwa, tukaoana.

Nilichojifunza ni kwamba mtu unaweza kumpa heshima zote na bado ukamwacha njiani. Na mgeni ukimtembeza, mpe nafasi akae na watu, majengo hayakimbii.

Perusi sasa magoti yamechoka. Tukienda kanisani mimi natangulia, mazoea ni mabaya. Kisha nasimama, nageuka, namngoja.

Haya, nani mwingine alishatembeza mkwe? Semeni yenu, ila andikeni kwa adabu. Macho yangu hayaoni tena herufi, anayenisomea na kuniandikia ni Perusi.