Jibu la Kichwa

Asubuhi tuliyomfanyia upasuaji mgonjwa wetu wa kwanza kwa roboti hapa Kitui, hata chai niliiacha mezani. Nimekuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji miaka kumi na moja, lakini siku hiyo moyo ulinidunda kama wa mwanafunzi. Nilikuwa na raha, jamani! Roboti ilikuwa na mikono minne, na mimi ndiye niliyechaguliwa kuivalisha vifaa.

Mgonjwa alikuwa mwanamke wa Kathonzweni mwenye uvimbe kwenye kizazi. Kabla hajalazwa usingizi alinishika mkono.

"Sista, toeni hizo vitu, lakini kizazi muniachie. Mimi bado sijapata mtoto."

Nikamwambia tutajitahidi.

Sasa, sisi tulizoea kufanya kazi kimya. Mdomo umefunikwa, daktari anaomba kifaa, unampa, anakutazama, unaitikia kwa kichwa, mambo yanaendelea. Tena nililelewa kwamba mkubwa akiwa kazini hapigiwi kelele. Lakini siku hiyo daktari aliketi pembeni, ametugeuzia mgongo, uso ameuzamisha kwenye mashine ya kuiongoza roboti.

Uvimbe ulitoka vizuri. Kisha damu ikaanza.

"Toa mkasi, weka ya kushona," daktari akasema. Nikabadilisha chap chap.

"Imeingia?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Sista, imeingia?"

Nikaitikia tena, kwa nguvu zaidi, mpaka kofia ikanishukia machoni. Mjinga mimi!

Daktari akainua uso kunitafuta, na akiuinua tu, mikono ya roboti husimama. Damu ikafunika picha kwenye skrini.

"Tukichelewa hivi tena," akasema, "nitafungua tumbo, na kizazi itaenda."

Nikakumbuka mwethya, ile kazi ya pamoja ya kwetu Matinyani, tukijipanga mstari kupitisha mawe ya kujenga bwawa la mchanga mtoni. Huachilii jiwe mpaka mwenzako aseme, "Nimeshika." Ukinyamaza, mtu anavunjika kidole.

"Imeingia!" nikapaza sauti. "Imeshika!"

"Nimeona. Vuta damu."

"Navuta!"

"Presha bado iko sawa!" akadakia mwenzetu wa dawa ya usingizi, kwa sauti kubwa kuliko yangu. Tukaendelea hivyo, kila mtu akitangaza alichoshika, chumba kizima kelele tupu, na daktari akashona mpaka damu ikakatika. Sijawahi kuifurahia kazi namna ile.

Alasiri nilikwenda wodini karibu nikikimbia. Mgonjwa alisikia hatua zangu.

"Sista, kizazi iko?"

Nikaitikia kwa kichwa, meno yote nje. Macho yake yalikuwa bado yamefumbwa. Alingoja, kisha machozi yakaanza kumtiririka kuelekea masikioni.

Nikainama haraka mpaka karibu na uso wake.

"Iko, mama," nikasema. "Iko!"