Saa ya Marehemu Imerudi Poli, Nelson Bado

Saa tatu asubuhi Vaileth Sumari anailaza saa ya dhahabu kifudifudi juu ya kitambaa cheupe, anabana lenzi kwenye jicho la kulia na kuinama. Mbele ya kibanda chake cha bati, Levolosi jijini Arusha, wamesimama wanaume wawili. Mmoja anauza. Mwingine ni Yoeli, dalali wa madini, ambaye hatoi fedha hata senti mpaka asikie neno la fundi.

"Dada, hiyo nimeivaa miaka na miaka," anasema muuzaji.

"Sijakataa, kaka. Ngoja tusikie chuma kinasemaje."

Anafungua kifuniko cha nyuma, anasoma namba iliyochongwa ndani, kisha anaiandika kwenye simu. Upo mtandao ambao watu wa nchi mbalimbali huandikisha saa zao za thamani zikiibwa au kupotea. Simu inafikiria kidogo. Maandishi mekundu yanatokea.

"Yoeli, usinunue. Hii ina mwenyewe, na anaitafuta."

Muuzaji anaikwapua saa yake, anasema anakwenda kupiga simu, na hiyo inakuwa safari ya moja kwa moja. Vaileth hamkimbizi.

"Mimi sina pingu," anasema huku akikunja kitambaa. "Namwambia mnunuzi ukweli, halafu naandika kwamba saa imeonekana Arusha. Mwenyewe huko aliko anapata ujumbe leo hii. Hujui, ndugu yangu, ujumbe wa namna hiyo ukikufikia unakuwaje. Mimi najua."

Kukagua saa moja hulipwa shilingi elfu ishirini. Betri na mikanda ndiyo inayolipa kodi ya kibanda, na mwezi mzuri humbakizia kama laki nne. Ufundi aliufundishwa na mzee Sifaeli, aliyekuwa na meza hapohapo kabla ya macho yake kuchoka. Ila huu ukaguzi wa saa za wizi hakufundishwa na mtu. Aliuanza mwenyewe, na alipouanza hakuwa akitafuta saa. Alikuwa akimtafuta mdogo wake.

Vaileth, sasa mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, alizaliwa Poli, kwenye mteremko wa Mlima Meru, katika nyumba iliyozungukwa na kahawa na migomba. Baba yake, Aminiel, alikuwa dereva wa shamba la kahawa. Mwenye shamba alipozeeka na kurudi kwao Ulaya, alivua saa mkononi akamvalisha dereva wake. Aminiel aliivaa Jumapili kwa Jumapili kanisani, na hakuna aliyejua thamani yake mpaka siku ya harusi moja, dalali alipoiona akataja bei ya kununulia kiwanja mjini.

"Baba alicheka tu," anakumbuka Vaileth. "Akasema, 'Mkono niliovalishwa ni huu. Nikiuza saa, niuze na mkono?'"

Aminiel alipofariki, ugomvi ukaingia nyumbani. Baba wadogo walitaka saa iuzwe, fedha zigawanywe. Nelson, kitinda mimba, alisema haiuzwi. Yeye ndiye aliyemuuguza baba, akimbeba mgongoni kumtoa kitandani na kumrudisha. Baba mdogo mmoja akamwambia mbele ya watu kwamba hana kazi, hana mke, anang'ang'ania saa ya marehemu ili apate cha kujivunia.

Nelson akainuka, akaingia ndani. Asubuhi ya pili kitanda chake kilikuwa kimetandikwa vizuri, na saa haikuwepo.

"Watu wakasema mwizi. Mimi nikasema atarudi kesho," anasema Vaileth. Simu ya Nelson ilikuwa imezimwa, ikabaki imezimwa. Krismasi ikapita, kahawa ikavunwa, ikachanua tena. Mama yao, Hanna, alikataa katakata sehemu ya Nelson katika kihamba, shamba la ukoo, iguswe na mtu. Migomba yake aliipalilia mwenyewe, mgongo ukiuma.

Vaileth alikwenda polisi kuripoti kwamba mdogo wake haonekani. Aliulizwa kama alichukuliwa kwa nguvu. Hapana. Ana akili timamu? Ndiyo. Basi, akaambiwa kwa upole, mtu mzima ameondoka kwa hiari yake. Hapo hawana la kufanya.

Ndipo siku moja mtalii akaja kibandani kubadilisha mkanda, akamweleza jinsi saa yake iliyoibwa ilivyopatikana nchi ya tatu kwa sababu namba yake ilikuwa mtandaoni. Vaileth hakulala vizuri usiku huo. Namba ya saa ya baba alikuwa nayo, kwani aliwahi kuisafisha. Kilichohitajika ni taarifa ya polisi tu.

Alirudi kituoni. Askari akaanza kuandika, akafika kwenye swali ambalo hakulitegemea: "Unamshuku nani?"

"Nikaona nikitamka jina la mdogo wangu, nimeshamfanya mwizi," anasema. "Nikamwambia afande nimesahau kitu, nikatoka. Nililia njiani mpaka mtaa wa Lemara."

Alijaribu kuiacha habari ile. Hakumwambia mama yake mpaka mwaka juzi, bibi huyo alipolazwa kwa presha. Hanna alimsikiliza akiwa amefumba macho. Aliporuhusiwa kutoka hospitali, hakutaka kupelekwa nyumbani.

"Nipeleke kwa hao polisi," alisema.

Askari aliyekuwa zamu alimpa kiti. "Shikamoo, mama. Hiyo saa iliyopotea, mnamshuku nani?"

"Marahaba, mwanangu. Simshuku mtu," akajibu Hanna. "Namtafuta mtu."

Askari alimtazama, akamtazama na binti yake. Kisha akaandika kwamba mtuhumiwa hajulikani, akagonga muhuri. Jioni ile Vaileth aliiandikisha saa mtandaoni. Penye mwenye mali aliandika Hanna Sumari, na namba yake mwenyewe ya simu chini yake.

Tangu siku ile akaanza kukagua saa za watu. Kila namba aliyoiandika kwa ajili ya mteja aliiandika akiwa na tamaa moyoni, akijua namba ya kwao haiwezi kuja Levolosi, lakini akitamani ije. Alianza kuwatambua watu kwa mikono yao. Akiona mkono mwembamba wenye mishipa iliyosimama, kama wa Nelson, huinua macho haraka. Mara zote anakuwa mtu mwingine.

Mwaka huu, mvua za masika zikiwa zinaishia, ujumbe ukaingia: saa imeonekana Tunduma, mpakani na Zambia. Aliyeikagua ni fundi saa aitwaye Godwin. Vaileth alipiga simu papo hapo, akakosea namba, akapiga tena.

"Aliyeileta ni kijana mrefu, mpole," Godwin alimsimulia. "Anafanya kazi ya utingo kwenye malori. Mnunuzi aliposikia imeripotiwa akataka tuite polisi. Yule kijana hakukimbia. Akauliza, 'Nani karipoti?' Nikamsomea jina, Hanna Sumari. Akakaa kwenye benchi, dada. Akaniuliza, 'Ina maana mama bado yu hai?'"

Nelson alikuwa amesikia, kutoka kwa dereva mmoja wa Usa River, kwamba mama yake amefariki. Dereva alichanganya majina. Aliyezikwa alikuwa jirani. Kijana akaomboleza peke yake barabarani, na kwa kuwa hakukuwa tena na wa kumrudia, akaamua hatimaye kuiuza saa.

"Nikamwambia mama yako ameripoti akiwa hai," Godwin aliendelea. "Akauliza kama aliandika jina la mwizi. Nikamwambia hakuna jina. Akafunika uso. Kisha akaifunga saa kwenye shati lake moja, akaiacha mezani, akasema nimrudishie mwenyewe. Nikamwomba namba ya simu, akasema anaona aibu. Lori lao likavuka."

Saa ilifika kwa basi, imefungwa kwenye lile shati kuukuu. Hanna aliiweka sikioni, akasikiliza muda mrefu. Shati akalinusa, akaliweka mapajani, na saa akamrudishia binti yake.

"Saa nimeiona," alisema. "Huyo aliyevaa shati yuko wapi?"

Vaileth amekwisha kufunga jalada polisi na kuiondoa namba mtandaoni. Godwin amempigia wiki hii: malori ya kampuni anayofanyia kazi Nelson yanarudi kutoka Zambia, na foleni ya mpakani hudumu siku kadhaa. Kibanda kitafungwa. Keshokutwa anapanda basi la Mbeya, kisha Tunduma, na atatembea lori kwa lori akimuulizia utingo mmoja aitwaye Nelson.

"Nisipomkuta nitaacha ujumbe kwa kila dereva. Nikimkuta, sijui nitaanza na neno gani," anasema.

Mama yake anajua. Amemfungia ndizi mshare na kahawa aliyoitwanga mwenyewe, na amemkaririsha maneno mpaka yamemkaa kichwani.

"Mwambie sikumwita mwizi," Hanna amemtuma. "Nilimwita tu. Na serikali haina karatasi ya kumwitia mtoto nyumbani, ina ya kutafutia mali. Nikachukua hiyo."