Taa za Clement Oldershaw

Wanaosema hapa Beeston kwamba marehemu mume wangu alimaliza siku zake akili zimemruka, na kwamba Padley wa klabuni alimwachia ushindi wa mchezo kwa huruma, hawakuwapo. Mimi nilikuwapo, nimeketi kando ya meza na birika la chai.

Clement alikuwa mpima ardhi. Alipostaafu alianza kukusanya vifaa vya vile vijitu vya plastiki, urefu wa kidole gumba, ambavyo wenzake wa klabu huvipanga mezani na kupigana vita. Vijitu vyenyewe kila mtu alikuwa navyo. Yeye alitaka kile ambacho kiwanda hakikutengeneza: kofia za chuma, majoho, mikuki myembamba kama sindano, kazi ya watu waliojifungia kwenye vibanda vya bustani zao. Aliviweka katika kabati la nyuzi la mama yangu. Siku za mvua alivuta droo ya taa, taa ndogo za plastiki ya njano, akazimimina kiganjani karibu na dirisha. Mwanga ulipita ndani yake, na chumba kikawa kama kinaelea.

Mwaka wake wa mwisho alianza kusahau majina. Dada yake, Enid, akanijia.

"Wifi, mkataze klabu. Atatuaibisha mbele za watu."

"Hatatuaibisha. Twende wote ukajionee."

Mezani kwao kijitu hupigana kwa kile kilichomo mkononi mwake, basi. Siku ile vita vilikuwa vya usiku wenye ukungu, na huruhusiwi kupiga usichokiona; asiye na taa haonekani. Clement alitakiwa kumvusha mjumbe mmoja darajani.

Alipofungua boksi, kila askari wake alishika taa. Hakuna upanga hata mmoja.

Padley, mpinzani wake siku hiyo, fundi bomba mwenye kicheko cha kujaza ukumbi, akashika kiuno. "Mzee, hili ni jeshi au wanatafuta paka aliyepotea?"

"Paka," akasema Clement.

Watu wakaangua kicheko. Enid akanifinya mkono. "Si nilikuambia?"

Taa zikatawanyika upande wa kushoto, mbali na daraja. Padley akaziandama, akiangusha moja baada ya nyingine.

"Huna hata kisu, Mzee! Niwapige au niwaombe radhi?"

"Wewe piga tu."

Mimi sikuona meza tena. Niliona bonde limejaa ukungu, na taa zikizimika polepole kama madirisha ya kijiji kinacholala. Na upande wa kulia, gizani, mtu mmoja wa joho la kijivu, asiye na taa, anatembea. Clement alimsogeza kila zamu yake ilipofika, mbele ya macho yetu sote. Hakuna aliyeruhusiwa kumpiga, na hakuna mwingine aliyemtazama. Padley alipolaza taa ya mwisho, mjumbe alikuwa ng'ambo.

Padley akautazama mto, akalitazama daraja, uso ukamwiva.

"Shetani wewe, Mzee! Umenipiganisha na taa!" Akazunguka upande wa pili wa meza kumpa mkono.

Mtu aliyekuachia ushindi haivi uso namna ile.

Enid akasogea, sauti imepungua. "Kaka, ulilipanga hili tangu nyumbani?"

Clement alinigeukia mimi, akaninong'oneza maneno machache sikioni. Tangu mazishi Enid ananiuliza ni maneno gani, na sasa majirani nao wanauliza. Nimeshaeleza yanayowahusu. Hayo ya sikioni sisemi.