Lenzi Moja ya Kushukia Bonde la Rukwa

Nilikuwa na lenzi mbili na baiskeli moja. Ndogo ilikuja na kamera yenyewe, milimita hamsini, na kwa lenzi hiyo nilikuwa nimepiga picha karibu nusu ya mji wa Sumbawanga: maharusi, wanafunzi, watu wa paspoti. Ndefu niliipata mtaa wa Majengo, kwa mwenye duka aliyeleta vitu vilivyotumika kutoka ng'ambo. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, na maduka yaliyozoea kuwa matupu yakajaa redio, saa na mitumba mpaka barazani. Niliikuta chini ya rundo la pasi za umeme. Milimita mia tatu!

"Wallahi, hii simba akiwa bondeni unamhesabu masharubu ukiwa hapa hapa," alinisifia mwenye duka.

Niliifunga kwenye kamera, nikachungulia mlangoni. Mama mmoja aliyekuwa akichagua vitenge upande wa pili wa barabara akanijia mpaka puani, kipini chake kinang'aa, naye hana habari. Nilipagawa. Sikutoka dukani bila lenzi ile, na kwa wiki nzima nilitembea nayo shingoni bila sababu yoyote ya maana. Vijana wa mtaani wakaniuliza, "Mambo vipi mshikaji, bomba la moshi hilo umeling'oa lori gani?" Nikawaona washamba.

Wakati huo Baba alikuwa amelala chumba cha nyuma ya studio yangu. Kupooza kulikuwa kumemchukua miguu yote miwili. Dada yangu alimlisha na kumgeuza, mimi nikamtolea habari za mjini. Huyu ni mtu aliyelitembea Bonde la Rukwa kwa miguu ujana wake wote, akifuatana na bwana nyama, afisa wa wanyamapori, na kazi yake ilikuwa kuhesabu wanyama. Sasa alikuwa akihesabu mabati ya jirani dirishani. Katika wanyama wote aliowahi kuwahesabu, aliyempenda ni sheshe, swala yule wa rangi ya asali anayekaa kwenye majani mabichi karibu na maji. Tembo ukimtajia, alipiga miayo.

Siku moja wasafirishaji wa mpunga waliokuja kupiga picha wakamsalimia, na katika maongezi wakamwambia kwamba kule chini sheshe wamekwisha: ng'ombe wameingia, mashamba yamefika majini. Baba hakula siku ile. Jioni akaniita.

"Mwanangu, mimi humu kitandani sitoki tena, na wewe unajua. Nenda kaniangalie kama wapo. Uniletee niwaone kabla sijaondoka."

Nikamjibu usijali, Baba, hilo dogo. Kumbe halikuwa dogo.

Barabara ya kushukia Mtowisa, kule bondeni, ilikuwa mawe matupu. Kila kilo unayobeba unashuka nayo kwa kukaba breki, kisha unapanda nayo kwa kusukuma, ulimi nje. Kwa hiyo nilipanga mzigo kwa ubahili: blanketi, maji, unga wa ulezi, filamu nilizozizungushia mfuko wa nailoni, kamera. Nafasi ikabaki ya lenzi moja. Sikufikiri hata dakika. Ile ndogo nikaifungia kwenye droo pamoja na risiti za zamani.

Niliondoka alfajiri. Uwanda wa juu wa Ufipa asubuhi ni nchi ya usingizini: ukungu umelala juu ya nyasi, upepo unapita bila kukutana na mti, matuta ya mashamba yanatokeza na kuzama. Unapiga pedali na huoni kama unakwenda mbele. Kengele ya ng'ombe inalia mahali fulani, huioni. Halafu, bila taarifa, nchi inakatika. Ukifika ukingo wa Lyamba lya Mfipa, ule ukuta wa mlima unaoshukia bondeni, unakuta miguuni pako hakuna kitu ila hewa, na chini kabisa, kwenye ukungu wa joto, bonde limejinyoosha, na ziwa lenyewe hujui ni maji au ni mbingu iliyoshuka. Nilisimama pale, jasho halijaanza bado, nikamwonea Baba huruma ghafla.

Siku ya pili kule chini nilimpata sheshe. Dume, peke yake, mbali sana. Nililala kifudifudi kwenye tuta la mpunga, nikamvuta kwa lile bomba langu mpaka kichwa chake kikajaa dirisha lote la kamera. Jicho, pembe, kupe aliyemganda sikioni. Jamani, nikapiga picha huku nikicheka kwa furaha. Filamu ilikuwa ya rangi, nayo kwa rangi ilibidi ipande basi hadi Mbeya kusafishwa. Wiki mbili nilikaa roho juu. Picha ilipofika nikaiweka kwenye fremu nzuri ya mbao, nikaingia nayo chumbani kwa Baba kama mtu anayeingia na keki.

Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Amekufa lini?"

"Baba! Hajafa. Nimempiga akiwa hai."

"Miguu iko wapi? Amesimama wapi? Umeniletea maiti."

Hapo sasa niwaeleze. Kwetu wakati ule mtu mzima na afya yake alipigwa picha nzima, kuanzia kofia hadi viatu. Ukimkata miguu anakurudishia picha na kukuuliza ana deni gani na wewe. Kichwa na mabega ni vya paspoti, au ni vya marehemu: familia inaleta kitambulisho, ninakikuza, ninakitia fremu ya mbao, wanakwenda kukiweka juu ya jeneza. Fremu niliyomletea Baba ilikuwa ile ile, kutoka boksi lile lile. Na nyuma ya kichwa cha sheshe hapakuwa na bonde. Palikuwa na ukijani uliovurugika kama uji, ndivyo lenzi ndefu zinavyofanya. Mimi mwenye kazi hiyo ndiye niliyesahau.

Lakini sikukubali kirahisi, hasira ninayo ya kurithi. Nilimwambia watu wa Ulaya wanalipia picha kama ile. Akanijibu kwamba basi niwapelekee watu wa Ulaya. Nikabamiza mlango. Siku tatu sikuingia chumbani kwake. Siku ya nne dada yangu akanifuata studio, akaniambia kavu kavu, "Unaringia kioo, na Baba anazimika. Jana ameniomba nimgeuzie uso ukutani."

Niliona aibu, aibu ya kweli, hata mbele ya mteja aliyekuwa amekaa kwenye stuli akisubiri paspoti. Nikaifungua droo.

Safari hii baiskeli ilikuwa nyepesi na mimi nilikuwa mzito. Lenzi ndogo haimvuti mnyama kwako, wewe ndiye unayekwenda. Na sheshe hamngojei mtu. Asubuhi nzima walinichezea: nikisogea hatua kumi, wanasogea ishirini. Mfugaji mmoja wa Kisukuma, mzee wa makamo aliyekuwa akichunga jirani na maji, alinitazama mpaka akachoka kucheka.

"Shikamoo," nilimwamkia.

"Marahaba. Unawinda kwa kuwakodolea macho?"

Nilimweleza habari za Baba, tangu kitanda mpaka fremu. Alielekeza fimbo kwa ng'ombe wake. Kisha akasema, "Sheshe wamewazoea hawa ng'ombe. Ingia katikati ya ng'ombe, inama, utembee mwendo wao. Usiwe na haraka, ng'ombe hana haraka."

Basi nikaingia. Sijui nilitembea muda gani. Vumbi, harufu ya maziwa na samadi, migongo ya joto ikinisukuma taratibu kulia na kushoto, mikia ikinipiga usoni. Nilisahau kwamba nina jina. Ng'ombe waliposimama kunywa, nami nikasimama, na mbele yangu, kama hatua themanini, walikuwapo: sheshe watatu, wakionekana wadogo kabisa ndani ya majani, nyuma yao maji, nyuma ya maji ule ukuta wa mlima nilioushuka. Nikapiga mara moja. Sikuhitaji mara ya pili.

Filamu hii ilikuwa nyeusi na nyeupe, makusudi, ili niisafishe mwenyewe. Nilifika nyumbani mchana, nikaingia chumba cha giza na vumbi langu. Karatasi ilipozama kwenye dawa, mlima ndio uliotangulia kujitokeza, kisha maji, kisha majani, polepole, kama bonde linaamka. Sheshe walitokea mwisho, alama tatu ndogo. Nikajisemea hapa umeharibu, hataona kitu.

Nilimpelekea ikiwa bado na unyevu, bila fremu. Dada yangu akamwinulia mito. Baba akaishika kwa mkono wa kulia na kuilaza juu ya blanketi, mapajani.

"Ah," akasema. "Maji yamerudi nyuma."

Kisha kidole chake kikaanza kutembea. Hakikuuliza njia. Kikafuata ukingo wa maji, kikasimama juu ya alama ya kwanza. "Mmoja." Kikasogea. "Wawili. Watatu." Nikashusha pumzi, nikataka kumwambia ndio hao tu, Baba.

Kidole hakikusimama. Kilifika mwisho wa picha, kikavuka ukingo wake mweupe, kikaingia kwenye blanketi. "Wanne. Watano, huyu ana mimba." Kikapanda goti lake lisilosikia kitu, kikashuka upande wa pili, taratibu, kikikwepa mikunjo kama mtu anayekwepa matope. "Sita. Saba." Dada yangu aliweka kanga mdomoni. Mimi nilipiga magoti kando ya kitanda, na machozi yakanitoka bila kuyazuia, nikaanza kuhesabu pamoja naye kwa sauti ili asipotewe na hesabu, wanane, tisa, kumi, mpaka kidole kilipofika mwisho wa blanketi.

"Kumi na wanne," alisema. "Walikudanganya wale. Hawajaisha."

"Hawajaisha, Baba."