Meli Iliyoondoka na Risasi za Koplo

Mume wangu alikuwa seremala wa mabehewa ya reli. Tulikaa Nsambya, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, na nyumbani tulisema Kiswahili kwa sababu yeye alikuwa Mteso na mimi Mnubi wa Bombo, na hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza kujifunza lugha ya mwenzake. Watoto hatukupata. Mimi nilishona nguo barazani kwa cherehani ya kukanyaga. Yeye alitengeneza viti na milango ya mabehewa, na kwa miaka kumi na miwili ya ndoa yetu sikuwahi kumsikia akitaja bahari.

Mambo yalianza na kalenda. Ofisini kwao ilitundikwa kalenda yenye picha ya meli ya zamani, ya milingoti mitatu, matanga yamejaa upepo. Mwaka ulipokwisha, kalenda mpya haikuja. Miaka ile ya utawala wa jeshi vitu vingi viliacha kuja. Mume wangu akaomba ile ya zamani, akaibandika ukutani juu ya kitanda, akaitazama kwa wiki nzima. Siku ya nane akasema, "Ninaweza kuitengeneza."

Sikumkataza. Watu walikuwa wakijifungia ndani mapema, na mwanamume asiyekunywa, tena mwenye akili ya kutozungumza siasa, alihitaji shughuli ya mikono.

Akaanza kuleta vipande vya mvule vilivyobaki karakanani kwao, vingine si vikubwa kuliko kidole. Alichonga mkuku, uti wa mgongo wa meli, akaupachika mbavu moja moja, akazivalisha mbao nyembamba kama maganda ya vitunguu. Kazi ya mbao aliiweza. Kamba zilimshinda. Vidole vyake vilikuwa vinene, kila uzi aliokaza ulikatika, na kila ulipokatika alitaja jina la Bwana. Jioni moja nikamwambia anipe nimfungie kamba moja tu. Mwezi haukuisha kabla sijampiga marufuku kugusa kamba yoyote.

Shida ni kwamba picha ilionyesha upande mmoja wa meli. Upande wa pili hatukuujua.

"Ni vilevile," nilimwambia. "Mtu ana sikio huku na sikio huku."

"Behewa lina upande wa mlango," akasema yeye. "Na hii lazima iwe na upande wa mlango. Huku kwenye picha hakuna mlango. Basi uko huko."

Tulibishana siku tatu. Mwishowe upande wa kulia wa meli yetu ukapata mlango mzuri wa mvule, wenye bawaba za shaba na kidaraja cha kukanyagia.

Matanga niliyakata kutoka bitana ya koti lake la harusi. Kitambaa kingine hakikupatikana, na koti lenyewe alilivaa mara moja kwa mwaka. Aligundua Krismasi, kanisani, alipoinua mkono ashike kitabu cha nyimbo na mkono ukapotea ndani ya koti. Hakunisemesha hadi mwaka mpya. Halafu aliyaona matanga yamepanda mlingotini, akasahau.

Uzi nao ulikuwa umetoweka madukani pamoja na sabuni na sukari. Nilikwenda Kisenyi, mtaa wa maduka, nikamkuta mwenye duka la jumla amekaa mbele ya rafu tupu. Nikaomba uzi mweusi mwembamba.

"Hakuna."

"Ni wa meli tu," nikasema, nikitaka aone ni jambo dogo.

Akatazama mlangoni, akainama karibu. "Meli inafika lini?"

"Bado. Labda mwaka kesho. Mzee hajamaliza."

Akaniuzia uzi kutoka chini ya meza bila hata kubishana bei. Wiki iliyofuata jirani yangu akaninong'oneza kwamba kuna meli ya sukari njiani, watu wa Kisenyi wamethibitisha, na kwamba nianze kutafuta magunia.

Tulimaliza baada ya miaka miwili. Mume wangu alikuwa na rafiki mzee, baharia mstaafu wa meli za shirika la reli ziwani, aliyekaa karibu na bandari ya Port Bell. Alitaka macho ya mtu anayejua. Basi Jumapili moja alfajiri tukaondoka. Gari lenye petroli lilikuwa ndoto, kwa hiyo tuliilaza meli ubavu juu ya mto wa kulalia, juu ya ubao wangu wa kupigia pasi, tukaifunika kwa shuka jeupe isipate vumbi. Yeye akashika mbele, mimi nyuma, tukafuata njia ya reli.

Hatukufikiri tunaonekanaje. Mume na mke wanatoka upande wa Nsambya, ambako kuna hospitali, wamebeba kitu kifupi chini ya shuka jeupe, hawazungumzi. Mwanamume wa kwanza kutuona akavua kofia. Wanawake wawili waliokuwa wakilima kando ya reli wakapiga magoti. "Kitalo nnyo, nnyabo," wakanipa pole kwa Kiganda, na mmoja akaanza kulia.

"Waambie," mume wangu akasema bila kugeuka.

"Waambie wewe."

Hakuna aliyewaambia. Ukishaliliwa na mtu usiyemjua, huwezi tena kumwambia ni meli. Niliinamisha kichwa, nikasema asante, na hivyo hivyo tukapewa pole hadi karibu na Luzira.

Pale njia ya reli inapokata barabara palikuwa na kizuizi cha askari: pipa moja, mti mmoja, koplo mmoja na askari kijana.

"Simama! Hiyo maiti ya nani?"

"Si maiti, afande," mume wangu akasema.

"Kama si maiti, kwa nini inalala? Funua."

Ninayaandika haya nikicheka, lakini asubuhi ile sikucheka. Kila nyumba ya Nsambya ilimjua mtu aliyesimamishwa mahali kama pale akakosa kurudi. Nilifunua shuka. Koplo akatazama muda mrefu.

"Hii nini?"

"Meli, afande."

"Inatoka wapi?"

"Nsambya."

"Nsambya iko na maji?"

"Hapana, afande."

"Na inaenda wapi?"

"Port Bell."

"Kwa miguu."

"Ndiyo, afande."

Akazunguka ubao. Akauliza injini iko wapi, mume wangu akamwambia inakwenda kwa upepo. Akauliza petroli tumeficha wapi, kwa sababu siku zile kila aliyebeba kitu alikuwa mtu wa magendo. Katikati ya sitaha kulikuwa na tundu la mizigo, dogo kama kiberiti. Koplo akaingiza pua pale, akanusa, akapata harufu ya gundi tu.

"Kitu hii itazama," akasema hatimaye.

Ningesema ndiyo, afande, tukaenda zetu. Mume wangu alikuwa bingwa wa kusema ndiyo, afande. Wangemwambia dunia ni ya mraba, angeuliza pembe ziko wapi akazipige randa. Lakini hapo akasema, "Haizami."

Nilimkanyaga mguu. Nilichelewa.

"Mimi nimezaliwa kando ya Nile," koplo akasema. "Mimi najua kitu ya maji. Nasema itaanguka. Wewe unabishana na mimi?" Akatazama barabara. Haikuwa na gari kushoto wala kulia, na nadhani tangu asubuhi haikuwa nalo. "Sawa. Tunaenda kuona."

Akamwacha kijana alinde pipa, akatufuata nyuma na bunduki yake. Watu waliotukuta sasa hawakutupa pole tena. Waligeuka wakatazama miti.

Baharia mzee tulimkuta ufukweni anapaka mtumbwi lami. Alipomwona askari alisimama wima kama kijiti, lakini alipoiona meli akasahau askari. Alipitisha kidole juu ya kamba zangu moja baada ya nyingine. "Hizi kafunga nani?"

"Mimi," nikasema.

"Nyingine nisingeweza mimi." Sijawahi kusifiwa hivyo, kabla wala baada. Kisha akageuza meli upande wa kulia. "Na huu mlango?"

"Wa kuingilia," mume wangu akasema.

"Nani anaingia? Maji?"

Nilisikia sauti ya ajabu nyuma yetu. Ilikuwa ni koplo anacheka. Alicheka hadi akakaa chini, bunduki magotini, akipangusa machozi kwa kofia. "Mlango!" akasema. "Maji inapiga hodi!" Mume wangu alikuwa amesawijika, lakini mimi nilianza kupumua.

Tukaiweka majini. Ikasimama kama sekunde mbili, ikalala ubavu.

"Nilisema!" koplo akapiga kelele. Halafu, kama mtu anayesikitika kushinda, akachuchumaa. "Tumbo yake iko wazi. Inataka uzito chini."

Mawe ya pale yalikuwa makubwa kuliko lile tundu. Kokoto zikaingia lakini zikabiringika upande mmoja. Koplo akafikiri, akachomoa magazini ya bunduki yake, akaanza kutoa risasi na kuzipenyeza tunduni moja moja, akizipanga kwa kijiti. Sote tulihesabu bila kutaka. Kumi na moja. Nilitazama kila moja ikiingia tumboni mwa meli yetu, nikawaza kwamba angalau hizo leo haziendi kwingine.

Safari hii meli ikasimama wima.

"Tuifunge uzi," nikasema. "Isiende mbali."

"Meli haifungwi kama mbuzi, mama," koplo akasema, akaisukuma.

Upepo wa asubuhi ulikuwa bado unatoka nchi kavu. Bitana ya koti la harusi ikavimba, matanga yote yakajaa kama kwenye kalenda, na meli ya mume wangu ikaondoka. Ilikwenda bila kuyumba. Baharia alipiga makofi. Koplo aliruka juu na chini akipunga kofia, "Inaenda! Inaenda!" hadi ikawa ndogo kama bata, na ndipo akasimama ghafla.

"Risasi yangu."

Askari aliyerudi kambini amepungukiwa risasi kumi na moja alikuwa na maelezo ya kutoa, na maelezo yake yangekuwa meli. Akaingia majini na buti, akafika magotini, akarudi.

"Ogelea, afande," baharia akamwambia. "Si umezaliwa kando ya Nile?"

"Nile iko na mamba! Nani anaogelea?"

Basi wakaingia wote watatu kwenye mtumbwi mwingine wa baharia. Baharia alikataa katakata kubeba bunduki. "Ikianguka tutaizamia sote," alisema. Koplo akanitazama, akatazama bunduki, akatazama meli inavyozidi kwenda. Akailaza juu ya ubao wangu wa pasi, akaifunika shuka. "Mama, kaa hapa. Mtu akiuliza, haujui."

Nilikaa na bunduki ya jeshi kando ya Ziwa kwa muda ambao sitausahau. Mama mmoja muuza samaki alipita, akasimama. Siku zile chochote kilichofunikwa kilikuwa bidhaa.

"Una sukari hapo?"

"Hapana."

"Sabuni?"

"Hapana, dada."

"Nionyeshe tu, siwaambii watu."

Nilikalia ubao. Aliondoka akinitukana kwamba sisi wa magendo tuna roho mbaya, na kwamba ndio tulioharibu nchi.

Waliikuta meli imenasa kwenye mafunjo ng'ambo ya ghuba. Waliporudi koplo alikuwa ameipakata kama mtoto mgonjwa. Tukaigeuza juu chini, tukaitikisa. Risasi zikatoka, moja, mbili, hadi kumi. Ya kumi na moja ilikuwa imejibana kati ya mbavu. Tuliisikia ikigonga lakini haikutoka. Tulijaribu kijiti, waya, sindano yangu ya kushonea. Jua lilikuwa limepanda. Koplo alizihesabu zile kumi tena na tena.

Mume wangu akatoa kisu mfukoni. Hakuna aliyemwambia. Alikaa mchangani, akaingiza ncha ya kisu kwenye sitaha aliyoipiga msasa miezi mitano, akaing'oa ubao kwa ubao, akatoa risasi, akampa.

Koplo aliishika kiganjani. "Pole, mzee," akasema.

Sikuwahi kumsikia askari akimwambia raia neno hilo miaka ile. Mume wangu aliitikia kama kawaida yake, "Ndiyo, afande."

Wiki tatu baadaye landrova ya jeshi ilisimama mbele ya nyumba yetu. Nilisikia milango ya majirani ikifungwa, mmoja baada ya mwingine, hadi mwisho wa safu. Akashuka koplo, na kopo la vanishi na sukari imefungwa kwenye gazeti. "Mgonjwa iko namna gani?" akauliza.

Sitaha ilikuwa mpya tayari, lakini maji yalikuwa yamelegeza kamba zote na nilikuwa ninazifunga upya. Akakaa mkekani, akavua buti, akaomba afundishwe. Alikuja Jumamosi nne. Mimi na yeye tulifunga kamba, mume wangu alitutazama kwa wivu, na tulizungumza habari za mihogo, mamba, na mama yake aliyemwacha Pakwach, kando ya Nile. Vita na siasa havikutajwa.

Majirani waliamua kwamba sisi ni watu wa serikali. Kwenye bomba la maji wakaanza kunipisha foleni. Jirani wa sukari alikuja kuniomba radhi kwa jambo ambalo hata sikulijua, na nilipomwambia sijakasirika akaogopa zaidi.

Jumamosi ya tano koplo hakuja. Baadaye tulisikia kikosi chake kimehamishiwa mpakani. Hatukupata habari nyingine, na si mtu ambaye ungeweza kwenda kumuulizia.

Alikuwa amefunga kamba zote za mlingoti wa nyuma. Mafundo yake yalikuwa mabaya, makubwa kama njugu, na moja lilikuwa fundo la kufungia ng'ombe. Niliyavumilia karibu mwaka mzima, kwa heshima. Kisha siku moja, mume wangu akiwa kazini, nikachukua mkasi na nta, nikayakata yote, nikafunga upya.