Ndizi Ndani ya Difu

Tulipofungua difu ya lori lililomuua dereva wa jirani yetu, oili ilitoka na ndizi. Hazikuwa zimedondokea humo kwa bahati mbaya. Zilikuwa zimemenywa, na meno ya chuma yalikuwa yamezisaga hadi zikawa uji mweusi wenye harufu tamu. Wiki iliyopita nilirudi Tukuyu, mvua ikinyesha kama kawaida yake, nikapita penye mama anayechoma ndizi mlangoni pa gereji moja mjini. Ilibidi nisimame kwanza.

Baba alikuwa fundi wa malori. Gereji ilikuwa uani kwetu, udongo umeloa oili, na upande wa pili mama akichemsha chai. Jirani alikuwa na lori moja, la kubeba ndizi kutoka Kinyala na Ikuti kwenda Mbeya. Difu yake, lile bakuli la chuma katikati ya ekseli linalogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma, ililia mwezi mzima. Tulilisikia lori kilimani kabla hatujaliona. Baba alisema meno yamelika, lisibebe mzigo hadi yabadilishwe.

Siku tatu baadaye, asubuhi, dereva alilileta likiwa kimya, akamwamkia baba kwa Kinyakyusa.

“Ugonile, fundi. Limepona lenyewe.”

“Tangu lini chuma kikapona?”

Kufungua difu ni kazi ya siku nzima, kwa hiyo baba alianza na njia yake ya kila siku. Aliweka mawe kwenye magurudumu ya mbele, akainua nyuma kwa jeki, akazungusha gurudumu moja taratibu kwa mkono. Mimi niliweka kiganja juu ya difu. Nyundo zilikuwa zimemharibia masikio, na tangu nilipofikisha miaka tisa alitegemea mkono wangu.

“Fundi dada, usinilaze hapa,” dereva alinitania. “Mzigo umeshakatwa Kinyala. Nisipoupeleka leo, bosi anaweka dereva mwingine.”

Alikuwa akinipakia kila nikitoka shule, mbele kabisa, nikipiga honi. Gurudumu likazunguka. Kitu kikanigonga kiganjani mara moja, kidogo, kama kifaranga ndani ya yai. Nikamtazama dereva. Naye alikuwa akinitazama.

“Kunagonga?” baba aliuliza.

“Hapana.”

Adhuhuri lori lilishuka mteremko limejaa ndizi. Meno yakakatika, injini ikawa haishiki tena magurudumu kupunguza mwendo, na breki peke yake hazikutosha.

Mafundi wa kwetu waliijua hila hiyo: ndizi kwenye oili hunyamazisha difu kwa siku chache, hasa mtu anapotaka kuuza gari bovu. Jirani alisema ni dereva aliyezitia. Mama wa dereva alimjibu pale pale msibani, “Mwanangu hakujua hata kizibo cha difu kilipo.” Baba hakumnyooshea mtu kidole. Aliuza jeki na spana, akahamia kwenye kilimo cha chai, na hadi anafariki hakuniuliza tena habari za asubuhi ile. Uani sasa ni migomba mitupu. Ukichimba kidogo, udongo bado ni mweusi.

Mama wa dereva yupo. Wiki hiyo iliyopita alinikalisha, akanimiminia chai, akaniuliza kama baba aliwahi kumtaja aliyefanya vile. Nikamwambia hakuwahi, na hilo ni kweli. Akaniuliza kama mimi nilikuwepo asubuhi ile gari lilipopimwa.

Nikasema nilikuwepo. Akaniangalia, akasubiri. Nikamwomba sukari.