Siku Niliyokuwa Mama Association

Shirika la tantine, mdogo wa mama, linafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Kwa miezi mingi wafadhili wa Ulaya hawakutuma kitu. Kama kodi isingelipwa kufika Jumamosi, mwenye nyumba angempa chumba chetu cha masomo muuza lutuku. Muuza pombe huyo alishaleta viti vyake vya plastiki, na wanafunzi walikuwa wakivikalia huku wakisoma silabi.

Wanafunzi karibu wote ni mama wauza samaki. Likelemba yao haikaukiwi: kila mwezi wote wanachanga pesa, mmoja anabeba zote. Walikubali shirika liingie kama mwanachama, wakaliita Mama Association. Lakini wana sheria. Anayetaka kubeba kabla ya zamu yake anasimama katikati, anaeleza shida ya nyumbani kwake, na kila mama ana haki ya kumuuliza.

Tantine alikuwa na malaria, akanituma mimi. Mimi ambaye darasani nainua mkono nusu, mwalimu asije akauona.

"Mama Association, simama," alisema prezidenti wao.

Nikasimama. Nina miaka kumi na sita na sijaolewa.

"Shida gani?"

"Nyumba. Wanatufukuza."

"Na bwana yako iko wapi?"

Nikawakumbuka wafadhili. "Iko Ulaya."

"Anatumaka feza?"

"Anaahidi."

"Anaandikaka?"

"Sana. Anaombaka tumuandikie rapport."

"Rapport ya nini?"

"Ya feza."

"Ile hayatuma bado?"

"Ndiyo, mama."

Mama mmoja nyuma akashika tumbo kwa kucheka. "Kumbe tuliolewa na mutu mumoja."

Wote walicheka isipokuwa mwenye zamu. Samaki wake wa kukauka walikuwa wanamngoja kwenye soko la Yanonge, na bila zile pesa wangenunuliwa na mwingine. Alinitazama mpaka nikaanza kuhesabu vidole vya miguu yangu.

"Chumba ikienda," akauliza, "mimi nitamalizia kitabu yangu wapi?"

Akanisogezea zile pesa.

"Bon. Beba. Samaki itangoja. Lakini kubeba feza tu, apana. Kukiwa kilio, na weye utakuja, kama mama wengine."

Muuza lutuku akaja kuchukua viti vyake, uso umekunjika. Tangu siku ile tunakaa chini, lakini chumba ni chetu.

Wiki iliyofuata mama mmoja wa likelemba alifiwa na shangazi yake. Tantine alikuwa bado kitandani. Nikafunga pagne yake, kitenge kinachonizunguka mara mbili, nikajitwika fungu la kuni, nikaenda. Wasichana wa umri wangu walikuwa nyuma wakiosha sahani. Mimi wakanikalisha mkekani, katikati ya wajane wawili wa likelemba.

Tulilia kwanza. Halafu mjane wa upande wangu wa kuume akaniinamia polepole.

"Na bwana yako? Aliandika?"

"Aliandika, mama," nikamwambia. "Anaomba picha."